NISHANI YA FEDHA YA ASKARI WA KEYA

Hotuba kwa wazee, jamaa za waliokuwa askari, na vijana wa shule



Katika nishani zote zilizopata kufungwa kifuani mwa askari wa Kiafrika wa nchi hizi, ipo moja ambayo watu wa Keya waliistahi kupita nyingine. Ni ya fedha, mviringo, na upana wake wapata inchi moja na nusu hivi. Upande mmoja una kichwa cha mfalme wa Uingereza aliyekuwa akitawala siku ilipotolewa. Upande wa pili hauna picha ya mtu, bali una maneno ya Kiingereza ambayo maana yake ni "Kwa Mwenendo Bora Vitani", na juu ya maneno hayo limeandikwa jina la jeshi, King's African Rifles. Utepe wake ni wa buluu iliyokoza, na katikati umepitishwa mstari wa kijani uliopakana na mistari myekundu. Wazee waliijua kwa herufi zake tatu, D.C.M.

Yafaa kwanza ifahamike tofauti iliyopo kati ya nishani na nishani. Ziko nishani za vita, ambazo hupewa kila mtu aliyekuwapo katika vita fulani, awe amepigana mstari wa mbele au amekaa nyuma akihesabu magunia ya unga. Hizo ni kama cheti cha kuonyesha ya kwamba mtu alikuwako. Nishani ya ushujaa ni jambo jingine kabisa. Haipewi kikosi kizima, wala haipatikani kwa miaka mingi ya utumishi. Hupewa mtu mmoja, kwa jina lake na namba yake, kwa tendo alilolitenda siku fulani mahali fulani, na tendo hilo likaonekana.

Asili yake ni ya Kiingereza. Malkia Victoria ndiye aliyeiamuru D.C.M. ya kwanza tarehe 4 Desemba 1854, majeshi yake yalipokuwa yakipigana na Warusi huko Krimea. Siku hizo heshima kubwa za vita zilikwenda kwa maofisa, na askari wa safu, aliyetoka jasho na damu, alirudi nyumbani mikono mitupu. Basi ikaamriwa ya kwamba masajini, makoplo na askari wa kawaida wapate nishani yao wenyewe, na pamoja nayo fedha kidogo: sajini pauni 15, koplo pauni 10, na askari wa kawaida pauni 5. Baada ya hapo, mwaka wa 1856, ulitolewa Msalaba wa Victoria, ambao ni mkubwa kuliko zote na waweza kupewa ofisa na askari vilevile, na D.C.M. ikawa ya pili yake kwa watu wasio maofisa.

Jeshi la Keya lilianzishwa tarehe 1 Januari 1902, kwa kuunganisha vikosi vitatu vilivyokuwako kabla yake, yaani kile cha Afrika ya Kati, ambayo ndiyo Malawi ya leo, kile cha Afrika ya Mashariki, na kile cha Uganda. Lilipoanzishwa lilihitaji nishani ya kuwatuza mashujaa wake. Njia nyepesi ilikuwa kuwapa askari wake D.C.M. ile ile aliyopewa askari wa Kiingereza. Haikufanywa hivyo. Ilitengenezwa nyingine ya namna yake, yenye maneno yale yale lakini imeongezwa jina la jeshi na kubadilishwa utepe. Na wenzao wa Afrika ya Magharibi wakatengenezewa ya kwao, yenye jina la jeshi lao la West African Frontier Force. Huko India nako Wahindi walikuwa na nishani zao mbali, nyingine tangu mwaka wa 1837.

Waliopanga mambo hayo walikuwa na hoja zao. Walisema majeshi haya ni ya makoloni, yana mishahara yake, hazina yake na sheria zake, kwa hiyo na nishani ziwe zake. Hoja hiyo si ya kupuuzwa kabisa, kwa maana kila nishani ilifuatana na malipo, na malipo yalitoka katika mfuko fulani. Lakini haielezi jambo zima. Serikali ya Uingereza ilikuwa na orodha ya kuonyesha nishani ipi itangulie nyingine kifuani, na katika orodha hiyo D.C.M. ya Keya haikukaa pamoja na D.C.M. ya Waingereza. Iliwekwa chini yake, zikapita nishani nyingine kadha katikati, ingawa ilikuwa juu ya ile iitwayo Military Medal. Mambo yalikuwa hayo kwa muda wa miaka arobaini hivi. Maneno yaliyochorwa kwenye fedha yalikuwa mamoja, bali cheo cha nishani hakikuwa kimoja. Na bombomu la adui halikuwa na risasi za namna mbili.

Sasa ni vema kueleza jinsi nishani ilivyopatikana, kwa sababu hapo ndipo penye siri kubwa ya jambo hili. Askari hakuweza kujiombea. Ilimlazimu ofisa wake aone tendo, au aletewe habari na watu waliolishuhudia, kisha akae chini na kuandika barua ya kumpendekeza. Barua hiyo ilipanda kutoka kampani hadi batalioni, na kutoka batalioni hadi kwa jemadari, na kila mkono ulioipokea uliweza kuipitisha au kuizuia. Kwa hiyo ushujaa peke yake haukutosha. Ulihitaji macho ya kuuona na kalamu ya kuuandika.

Tazameni yaliyotokea Gumburu, katika nchi ya Wasomali, tarehe 17 Aprili 1903. Siku hizo jeshi lilikuwa likimfuata Sayyid Muhammad Abdullah Hassan, ambaye Waingereza walimwita kwa dharau "Mullah Mwendawazimu", na aliyewasumbua kwa miaka ishirini. Luteni Kanali Plunkett alikwenda mbele na sehemu ya batalioni ya pili ya Keya, iliyotoka Afrika ya Kati, pamoja na Masingasinga wachache. Walizungukwa na maelfu ya wapanda farasi na watu wa mikuki. Askari walisimama katika mraba wakapiga mpaka risasi zikaisha, kisha wakajaribu kupenya kwa singe. Maofisa wote Wazungu waliuawa, Plunkett mwenyewe akiwamo, na karibu askari mia mbili wakafa pamoja nao. Waliookoka walikuwa kama arobaini tu, na wengi wao wamejeruhiwa. Ni nani katika mraba ule aliyekuwa shujaa kuliko wenzake? Waliopaswa kuandika barua walikuwa wamelala pale pale mchangani.

Kisha ikaja Vita Kuu ya mwaka wa 1914. Wakati huo Keya ilikuwa na batalioni tatu tu, tena zimetawanyika kuanzia Nyasaland hadi Jubaland. Vita ilipokwisha mwezi wa Novemba 1918, batalioni zilikuwa zimefika 22. Hapo mwanzo wakubwa wa serikali hawakuamini ya kwamba askari wa Kiafrika aweza kushika vita kubwa ya namna ile, wakaleta majeshi kutoka India na Afrika ya Kusini. Homa, mbung'o na kuhara viliwaangusha wageni hao kwa maelfu, na tangu mwaka wa 1917 mzigo wa vita ukaangukia mabega ya askari wa Keya na ndugu zao wa Nigeria na Gold Coast. Basi nyingi katika D.C.M. za Keya zilipatikana katika vita hii.

Ilikuwa vita ya porini. Jenerali von Lettow-Vorbeck, mkuu wa majeshi ya Wajerumani, ambao wazee walizoea kuwaita Wadachi, hakutaka kushinda miji. Alitaka kuwachosha Waingereza kwa kuwakimbiza. Jina la Mahiwa, karibu na Lindi, halikusahauliwa na waliotoka huko wazima. Kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 18 Oktoba 1917 majeshi mawili yalipigana kwa umbali wa hatua chache, na upande wa Waingereza walikufa na kujeruhiwa watu zaidi ya elfu mbili, wengi wao Wanigeria na askari wa Keya. Mwezi wa Novemba von Lettow alivuka mto wa Ruvuma akaingia nchi ya Wareno, na Keya ikamfuata mwaka mzima, kupitia Namakura na Lioma, mpaka aliposalimu amri huko Abercorn, Rhodesia ya Kaskazini, tarehe 25 Novemba 1918. Kwa hesabu ya jeshi, askari wa Keya 5,117 waliuawa au kujeruhiwa, na wengine 3,039 walikufa kwa maradhi.

Katika vita ya namna hiyo, sajini wa Kiafrika alikuwa nguzo. Kampani iliyoingia kichakani na maofisa watatu au wanne huenda ikatoka hali amebaki mmoja au hapana hata mmoja, maana adui alilenga Wazungu kwanza. Ndipo sajini alipochukua amri, akawapanga watu, akahesabu risasi, akawatoa majeruhi. Nao waliotumia bombomu walikuwa katika hatari kuliko wote, kwa kuwa kila bunduki ya upande wa pili iliwaelekea wao. Akifa mpigaji, wa pili alilazimika kumwondoa mwenzake na kulala mahali pale penye damu yake.

Hata hivyo walikuwako watu wengi kuliko askari, ambao nishani ya ushujaa haikuwatazama: wapagazi. Jeshi halikuweza kwenda hatua moja bila vichwa vyao. Walibeba unga, risasi, magurudumu ya mizinga na machela ya majeruhi, wengi wao bila viatu, na kwa chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea. Hesabu za Serikali zenyewe zilikiri vifo vya zaidi ya watu 40,000, na wanahistoria waliochunguza baadaye huona ya kwamba hesabu ya kweli yaweza kuwa maradufu ya hiyo. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki katika vinywa vya watu: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina hilo hilo. Katika sanamu za shaba zilizosimamishwa Nairobi, kando ya barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue, mpagazi yumo pamoja na askari. Dar es Salaam, sanamu iliyosimamishwa mwaka wa 1927 ni ya askari peke yake, ameinamisha singe kuelekea bandarini.

Na tusemeje juu ya askari wa upande wa pili? Hao nao walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wangoni. Ndugu wa watu wale wale. Mwaka wa 1917 wengi waliotekwa au kuhama waliandikwa katika Keya, ikaundwa batalioni ya sita kwa watu waliokuwa jana yake wakiipiga. Wale waliobaki na von Lettow walingoja malipo yao kwa muda mrefu sana. Mwaka wa 1964 Serikali ya Ujerumani ya Magharibi iliamua kuwalipa waliokuwa hai bado, na husimuliwa ya kwamba wazee mia kadha walikusanyika Mwanza, lakini wachache sana walikuwa na karatasi za kuthibitisha utumishi wao. Mwenye kulipa akampa kila mmoja ufagio badala ya bunduki, akatamka amri za gwaride kwa Kidachi; na wazee wakazifuata.

Haitakuwa haki kuificha habari nyingine. Jeshi la Keya halikupigana na Wadachi peke yao. Mwaka wa 1905 na 1906 lilitumwa kuwapiga Wanandi, na askari waliokwenda huko walipewa nishani ya vita yenye jina la Nandi juu ya utepe. Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano ulioitwa kuwa ni wa amani, na aliyempiga risasi alikuwa ofisa wa batalioni ya tatu ya Keya, Richard Meinertzhagen. Kwa hiyo kijana wa leo akikuta nishani katika sanduku la babu yake, na aulize ni ya vita gani, kabla hajaivaa kwenda nayo mbele ya majirani.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ile D.C.M. ya Keya iliachwa. Tangu hapo askari Mwafrika aliyetenda tendo la ushujaa aliweza kupewa D.C.M. ile ile ya Waingereza, yenye utepe mwekundu na mstari wa buluu katikati. Hakukupigwa ngoma siku hiyo, bali kwa watu wa jeshi lilikuwa jambo kubwa. Keya ilipigana Uhabeshi mwaka wa 1941, Bukini mwaka wa 1942, na Burma mwaka wa 1944, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika mvua za masika, malori yamezama matopeni mpaka kwenye milango, ikawasukuma Wajapani hadi Kalewa na mto wa Chindwin.

Msalaba wa Victoria ulikuja mara moja katika Keya kwa vita hiyo. Huko Colito, Uhabeshi, tarehe 19 Mei 1941, Sajini Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya, Mzungu, alirukia vifaru vya Waitaliani kwa bastola, akawaua waliomo ndani, mpaka akauawa yeye mwenyewe. Alistahili, na hapana aliyekuwako aliyekana. Lakini hakuna askari Mwafrika wa Keya aliyepata kupewa msalaba huo, katika vita ile wala katika vita yoyote iliyotangulia. Wala si kwamba sheria ilikataza rangi: Samuel Hodge, mtu mweusi wa visiwa vya West Indies, aliupata Gambia mwaka wa 1866. Mtu akiyapima mambo haya kwa utulivu, atarudi pale pale kwenye barua na mikono iliyoipokea.

Afrika ya Kusini ina mifano miwili inayoonyesha jambo hili wazi kuliko maelezo. Serikali ya huko haikukubali mtu mweusi ashike bunduki vitani. Walichukuliwa kama madereva, vibarua na wabeba machela. Lucas Majozi alikuwa mbeba machela huko El Alamein, usiku wa tarehe 23 Oktoba 1942. Alijeruhiwa, akaambiwa arudi nyuma akatibiwe, akajibu ya kwamba wako majeruhi wengi bado katika uwanja wa mabomu. Mwenzake wa machela alipopigwa, Majozi aliwabeba watu mgongoni peke yake, mpaka siku ya pili yake alipoanguka kwa kuishiwa na damu. Alipewa D.C.M., ile kamili. Job Maseko alitekwa na adui huko Tobruk mwezi wa Juni 1942, akatiwa kazi ya kupakua shehena bandarini. Alijaza baruti katika kopo dogo, akalificha katikati ya mapipa ya petroli ndani ya merikebu, akawasha utambi na kufunga mlango, merikebu ikazama. Baadaye alitoroka, akatembea jangwani majuma kadha mpaka akawafikia watu wa upande wake. Yeye alipewa Military Medal, ambayo ni ndogo kuliko D.C.M. Neville Lewis, mchoraji wa jeshi aliyewachora wote wawili, alieleza ya kwamba Maseko alikuwa amependekezwa apewe Msalaba wa Victoria, lakini kwa kuwa ni Mwafrika akapunguziwa. Maseko alikufa maskini mwaka wa 1952, kwa kugongwa na gari la moshi. Mwaka wa 1997 manowari moja ya Afrika ya Kusini ilipewa jina lake.

Keya yenyewe imekwisha. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka wa 1961, Uganda mwaka wa 1962, Kenya mwaka wa 1963 na Malawi mwaka wa 1964, kila nchi ilichukua batalioni zake na kuzipa jina jipya. Hata D.C.M. ya Waingereza iliondolewa mwaka wa 1993, ikawekwa nyingine inayopewa watu wa vyeo vyote, ofisa na askari wakapimwa kwa kipimo kimoja.

Zilizobaki ni zile zilizomo majumbani. Nyingi zimekwisha kwenda. Nyingine ziliuzwa kwa masonara kwa ajili ya fedha yake, nyingine zilinunuliwa kwa bei ndogo na watu wanaozikusanya, ambao huziuza Ulaya kwa bei kubwa. Mwenye nayo na afanye hivi kabla hajasikia maneno ya mnunuzi. Aishike pembeni, aielekeze ukingo wake kwenye mwanga wa dirisha, aizungushe polepole. Huko ukingoni ataona namba ya askari, cheo chake, jina na batalioni, vyote kwa herufi ndogo. Jina asitarajie kulikuta sawasawa, maana karani wa Kiingereza aliliandika kama sikio lake lilivyolisikia, na mara nyingi ni jina moja tu, bila la baba. Namba ndiyo ya kuaminiwa. Aiandike katika karatasi, aiweke mbali na nishani yenyewe, kisha aende nayo kwenye Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa, Nairobi, au awaandikie wenye kuhifadhi kumbukumbu za Uingereza huko Kew, London, aulize. Na nishani asiisugue kwa majivu wala kwa mchanga ili ing'ae, kwa kuwa herufi za ukingoni hazikuchimbwa ndani sana, na zikishafutika hapana mtu wa kuzirudisha.